Gari Inalia: Mwongozo kwa Mwenye Pikapu Kuukuu, Kuanzia Milima ya Umatengo Hadi Mbamba Bay

Zamani Mbinga haikuwa na pikapu mbovu. Ilikuwa na barabara mbovu. Chochote kilichogonga, kilichosaga au kilicholia chini ya gari kilisingiziwa jiwe, korongo au tope la masika, na dereva akaingia Songea nguo zimejaa vumbi lakini heshima yake haijaguswa. Kisha lami ikaja. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kilijengwa kwa fedha za Wamarekani za Changamoto za Milenia. Miaka michache baadaye lami nyingine ikateremka milima, kilomita sitini na kitu, hadi Mbamba Bay. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki. Ila hakuna kiongozi aliyesimama jukwaani kuwaonya wenye pikapu za zamani kwamba lami haina kelele, na pasipo kelele kila mwenye siri anasikika.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Gari tunalolizungumzia ni Hilux ya zama za LN106: ekseli nzima mbele na nyuma, dizeli ya lita 2.8, springi ngumu, na frii za kuzungusha kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Mwenye Land Cruiser atajiona humu. Mwenye Land Rover pia asome. Kwake hatua ni zilezile, isipokuwa kabla ya kila hatua aongeze oili.

Hatua ya kwanza: ongeza redio

Redio ndiyo dawa ya kwanza ya difu katika mkoa wa Ruvuma, na ndiyo rahisi kuliko zote. Chagua kwa makini. Taarifa ya habari haifai, kwa sababu msomaji huvuta pumzi, na hapo ndipo mlio hupenya. Mahubiri yana vituo virefu zaidi, tena vyenye kutisha. Kwaya inafaa kwa beringi ya gurudumu. Kwa difu iliyochoka, tafuta muziki wenye besi nzito, uweke spika nyuma ya kiti.

Dawa hii inaponya sikio tu. Beringi iliyoanza kuunguruma Januari haijui kwamba umeinunulia spika mpya. Inaendelea kula njia yake, kisha inakula ekseli, kisha sili, kisha oili inamwagikia breki. Ulichokuwa unakwepa ni bei ya beringi moja. Utakacholipia ni beringi, ekseli, sili, breki na spika.

Hatua ya pili: kusanya maoni ya wananchi

Redio ikishindwa, simama kijiweni, acha injini inaunguruma, fungua boneti (hata kama sauti inatoka nyuma), kisha ngoja. Ndani ya dakika chache utakuwa na jopo. Kijana wa bodaboda atasema ni injini. Mzee aliyewahi kuendesha lori la ushirika atasema ni krosi. Huyu husema krosi kila mara, na kwa kuwa krosi hufa mara nyingi, ana sifa ya utabiri isiyotikisika. Mwalimu atauliza ulinunua lini na kwa nani, apate kukuhurumia vizuri. Fundi baiskeli atalala chini ya gari bila kuombwa.

Mtu mmoja hataulizwa: mama aliyekaa nyuma juu ya gunia la mahindi toka Litembo. Yeye ndiye aliyesafiri sentimita chache juu ya ekseli ya nyuma, na mlio ameusikia kwa mwili mzima. "Ni huku kwangu, mwanangu, upande wa kushoto, tukikata kona," atasema, na jopo litamjibu, "Sawa mama," kisha litarudi kwenye injini.

Hata hivyo, si kila anayesikia mlio karibu yake amekaa juu ya ugonjwa. Chasisi ni chuma kirefu, na sauti hutembea ndani yake hadi ipate pa kutokea. Beringi ya mbele inaweza kuungurumia chini ya kiti cha abiria, na propela inaweza kusikika kwenye usukani. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu, shusha kila kinachoweza kusema uongo. Toa kreti za soda, jeki lililolala wazi, mnyororo na tairi la akiba lililolegea chini ya bodi. Tikisa ekzosi kwa mkono, ikiwa imepoa. Magari mengi yaliyofunguliwa difu yalikuwa yanalia bati la ekzosi.

Wanaodhani kusikia ndiko kuelewa wakumbuke yaliyotokea Liuli, kwenye Ziwa Nyasa, enzi hizo ikiitwa Sphinxhafen, tarehe 13 Agosti 1914. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ikatokea upande wa Nyasaland, ikafyatua mzinga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza, na nahodha wa Gwendolen, Rhoades, alikuwa mtu anayemfahamu. Akapanda mtumbwi kwenda kumgombeza. Akakamatwa mateka. Mlio aliusikia barabara. Maana yake ndiyo iliyompita.

Hatua ya tatu: iga sauti mbele ya fundi

Sasa nenda gereji. Hakikisha umezima gari kabla ya kufika, ili upate nafasi ya kuonyesha kipaji.

"Fundi, gari inalia."

"Inaliaje, mzee?"

"Inafanya vuuuu, halafu krrr, halafu kama tik."

"Wakati gani?"

"Wakati nina haraka."

Fundi atatikisa kichwa kwa adabu, aende kuchukua spana. Hana la kufanya zaidi ya hapo, maana umemwambia mambo mengi na hujamwambia lolote. Vuuuu ya beringi na vuuuu ya tairi lililolika upande mmoja ni vuuuu ileile. Hata mtu mwenye kipaji cha kuiga ndege wote wa Liparamba hawezi kuzitenganisha kwa mdomo. Kinachozitenganisha ni wakati. Swali si gari linasema nini. Swali ni linasema lini. Mwenye kujua lini ameshamaliza nusu ya kazi bila kushika spana, na majaribio yake ni haya.

*Gari limesimama.* Injini inaunguruma, gia iko nyutro, mguu uko nje ya klachi. Ukisikia mngurumo chini ya miguu, kanyaga klachi hadi mwisho. Ukikata, mgonjwa ni beringi ya shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi, kwa sababu klachi ikikanyagwa shafti hiyo husimama. Kama ni kinyume, kimya mguu ukiwa nje na mlio ukikanyaga, hiyo ni rilizi beringi, na mguu wako unaopumzika juu ya klachi toka Kigonsera hadi Mbinga unahusika.

*Gia ya nne.* Endesha, sikiliza kila gia. Kwenye giaboksi ya aina hii gia ya nne ni moja kwa moja: nguvu inaingia na kutoka bila kushuka kwenye shafti ya chini. Ikiwa gari linalia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, kisha linatulia kwenye nne, ugonjwa uko kwenye shafti ya chini na beringi zake. Ndiyo maana utawaona madereva wanaopanda mlima kwa gia ya nne huku injini ikitetemeka na kuomba msamaha. Abiria wanadhani ni ushujaa. Dereva anatafuta utulivu wa moyo.

*Nyutro kwenye mwendo.* Ukiwa tambarare, barabara nyeupe, mwendo kama wa kilomita 60 kwa saa, weka nyutro uache injini ipumzike. Mlio ukifuata injini na kushuka nayo, tafuta mbele. Ukibaki vilevile na kupungua polepole kadiri gari linavyopungua mwendo, injini imeachiwa huru na mahakama. Mtuhumiwa yuko kwenye propela, difu au magurudumu. Jaribio hili usilifanye ukishuka kwenda ziwani. Mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko kama mita 475, na tofauti hiyo yote inakusubiri kwenye kona. Gari lililo nyutro mteremkoni halishikwi na kitu ila breki, na breki zikishapata moto ni katika vitu vichache vya gari hili vinavyokufa kimyakimya.

*Mguu wa mafuta.* Kanyaga, achia, kanyaga, achia. Difu ina tabia ya kumjibu mguu. Ikilia unapovuta mzigo na kunyamaza unapoachia, au ikawa kinyume chake, kroni na pinioni hazikumbatiani tena inavyopasa, au beringi ya pinioni imelegea. Beringi ya gurudumu haijali mguu wako. Ina wimbo mmoja, ukivuta ama usivute.

*Kona.* Ukikata kulia, uzito wa gari unahamia kushoto. Mlio ukiongezeka hapo, shuku beringi ya kushoto. Ukipungua, shuku ya kulia. Mama wa gunia la mahindi alishakupa jibu hili bure. Thibitisha kwa jeki: inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Plei ikipatikana, kesi imekwisha. Ukitaka ushahidi zaidi, weka ncha ya bisibisi ndefu karibu na beringi na mpini wake sikioni, kijana azungushe tairi kwa mkono. Beringi nzima inanong'ona. Iliyokufa inasaga mchanga.

*Kutembea na utingo.* Propela huzunguka mara nne au zaidi kidogo kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Tairi la pikapu hii lina mzingo wa mita mbili na ushei. Basi endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, utingo afuate ubavuni akihesabu. Mlio unaokuja mara moja kwa kila mzunguko wa tairi ni wa tairi, habu au breki. Chwi-chwi-chwi ya harakaharaka, mara nne tairi likizunguka mara moja, ni krosi iliyokauka grisi. Utingo atalalamika kwamba wenzake wanamcheka. Mwambie hii ni hesabu.

*Tak!* Unatoka mbele kwenda rivasi, au unaachia klachi ghafla, na kitu kinapiga tak chini ya gari. Weka mawe kwenye matairi, gia iwe nyutro, lala chini, shika propela kwa mikono miwili uisukume na kuipindua. Kutikisika kidogo kwa difu ya zamani hakuui, lakini krosi yenyewe haitakiwi kuwa na plei hata ya unywele. Vitabu vinasema utafute vumbi jekundu la kutu pembeni ya vikombe vya krosi. Waandishi wa vitabu hivyo hawakufika Umatengoni, ambako kila kitu kina vumbi jekundu, hata krosi iliyofungwa jana. Ifute kwanza, endesha siku nzima kwenye lami, kisha tazama tena: vumbi litakalokuwa limetoka ndani ndilo lenye habari.

Krosi usiichezee. Ikikatika mbele, kichwa cha propela kinaanguka na kuchimba barabara huku gari likiwa na mwendo. Ukiikuta inakaribia kufa mbali na mji, fungua propela ya nyuma uitie kwenye bodi, funga frii za mbele, ingiza fowili, urudi nyumbani taratibu ukivutwa na magurudumu ya mbele. Safari hiyo pia ni kipimo: kama mlio umebaki bodini pamoja na propela, umeshampata mwenyewe.

Hatua ya nne: usitoe fowili, huenda ukaihitaji tena

Wamatengo walibuni ngoro, mashimo yanayochimbwa safu kwa safu kwenye miteremko mikali ili mvua isiondoke na udongo. Barabara nyingi za vijijini hazikupewa ngoro, kwa hiyo masika udongo wake huja kukutana nawe njiani. Huwezi kwenda Maguu kwenye tope la namna hiyo bila fowili. Unashuka, unazungusha frii hadi LOCK, unavuta mkono wa transfa, unapita kishujaa. Kisha unafika kwenye lami, na ushujaa unakusahaulisha.

Kuanzia hapo gari litaanza miujiza. Usukani unakuwa mzito. Kwenye kona gari linajikaza, linaruka kidogo, linapiga dung! Mkono wa transfa ukiuvuta, haukubali. Utatangaza kwamba transfa imekufa, na utapata watu wa kukubaliana nawe.

Haijafa. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi huteleza na deni linafutwa. Kwenye lami tairi haliwezi kuteleza, na transfa ya gari hili haina difu ya katikati ya kugawa tofauti hiyo. Basi deni lote linajilimbikiza kwenye shafti na meno. Tiba yake: nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache, kisha toa fowili. Ni vigumu kuwaeleza abiria kwa nini unarudi ulikotoka, lakini ni bei nafuu kuliko transfa.

Frii zina faida nyingine isiyotangazwa: ni maabara ya bure. Zikiwa LOCK, difu ya mbele na propela yake huzunguka hata kama hukuingiza fowili. Endesha zikiwa LOCK, simama, ziweke FREE, endesha tena kwa mwendo uleule, fowili ikiwa nje. Mlio ukitoweka, difu ya nyuma haina hatia, tafuta mbele. Na ukiwa kwenye tope, umeingiza fowili, umekata usukani hadi mwisho, ukasikia ka-ka-ka-ka toka gurudumu la mbele, jointi iliyo ndani ya kifundo cha gurudumu imechoka. Tazama kwa nyuma yake: grisi iliyochanganyika na oili ya difu na kutiririka nje inaonyesha sili ilikufa kitambo, na jointi imekuwa ikioga mahali pa kulainishwa.

Hatua ya tano: liogeshe ziwani

Umefika Mbamba Bay. Difu ina moto wa kushuka mlima mzima. Mtumbwi umejaa dagaa, na wenye dagaa wanaomba urudi nyuma kidogo, kidogo tena, mpaka maji yafike kwenye ekseli, wasibebe mbali. Kubali. Watu wa pwani ni wakarimu, na ziwa linapooza gari.

Linalipooza kwa namna hii. Hewa iliyo ndani ya difu ya moto ikipoa ghafla husinyaa na kuvuta. Kipumulio juu ya ekseli kikiwa safi na mpira wake umepandishwa juu, kitavuta hewa. Kikiwa kimezibwa na tope la Maguu, mvuto unahamia kwenye sili, na sili za umri huo hazina ubishi: maji yanaingia. Baada ya wiki difu inaanza kulia, nawe unamlaumu fundi aliyekubadilishia tairi.

Kupima ni rahisi. Gari lilale usiku mzima bila kuguswa, kisha asubuhi legeza boliti ya chini ya difu taratibu, chombo kikiwa tayari. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini na kutoka mwanzo. Ikiwa tayari yamekorogwa, oili itatoka na rangi ya chai ya maziwa. Usiirudishe. Safisha, tia oili ya difu namba 90 yenye alama ya GL-5, na uzibue kipumulio kwa waya. Kabla ya kumwaga ya zamani, chovya kidole usugue: uji wa kijivu laini kama uliokaa kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida wa umri. Vipande vinavyokwaruza kucha ni meno.

Faida pekee ya safari hii ni harufu ya dagaa, inayofunika vizuri harufu ya oili iliyoungua. Wengine huishi kwa faida hiyo mwaka mzima.

Hatua ya sita: nunua difu nzima ya mtumba

Difu ikithibitika kufa, utaambiwa kupanga upya kroni na pinioni ni kazi ya vipimo vya sehemu za milimita, na kwamba njia ya mkato ni kununua difu nzima iliyotoka Japani. Ni kweli. Nenda, chagua inayong'aa kuliko zote. Usihesabu meno, kuhesabu ni kumkosea muuzaji imani.

Hapo ndipo pikapu nyingi zilipopotelea. Difu zenye umbo moja nje hutofautiana ndani. Kroni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 hutoa uwiano wa 4.1, kroni ya meno 41 na pinioni ya meno 9 hutoa karibu 4.56. Ukifunga moja nyuma na nyingine ikabaki mbele, kwenye lami bila fowili hutasikia lolote zaidi ya injini kubadilika sauti na mshale wa mwendo kuanza kudanganya. Siku ya kwanza ya tope utaingiza fowili, na ekseli mbili zitaanza kugombana kila moja ikitaka mwendo wake. Atakayeshindwa ni transfa, maana yeye ndiye anayeshikilia wote wawili.

Kama huwezi kufungua na kuhesabu, inua gurudumu moja tu la nyuma, lingine likae chini na kuzuiwa kwa mawe, gia ikiwa nyutro. Weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi lililo juu mara mbili kamili, hesabu propela. Ikizunguka mara nne na kitu kidogo, ni 4.1, ikizunguka mara nne na nusu na ushei, ni ile nyingine. Rudia mbele frii zikiwa LOCK. Namba zisipolingana, mwachie muuzaji difu yake ing'ae palepale.

Hatua ya saba: subiri kahawa

Milio ya gari Umatengoni hufuata kalenda. Huanza na mvua za Desemba, hukomaa Machi kwenye tope, na Aprili huwa wimbo kamili. Fedha hufuata kalenda nyingine: kahawa huvunwa katikati ya mwaka, na malipo huja baada ya kupimwa, kukobolewa na kungojwa. Kwa hiyo gari huugua wakati mfuko mtupu. Mfuko ukijaa, barabara imekauka, fowili haiguswi, mzigo ni mwepesi, mlio umeshuka. Tajiri anatamka kwamba gari limepona, ananunua mabati.

Desemba mvua hurudi, na mlio huwakuta wote wawili, tajiri na gari lake, nyumbani.

Anayetaka kuvunja kalenda hii atenge fedha ya oili, sili na grisi siku ya malipo, kabla ya bati la kwanza. Pampu ya grisi kwenye krosi kila baada ya safari ya tope ni kazi ya nusu saa. Haina sifa kijiweni, kwa sababu krosi iliyopakwa grisi haimpi mzee wa ushirika nafasi ya kutabiri.

Hatua ya nane: mlio ukinyamaza wenyewe, chinja mbuzi

Wapo watakaokushauri utie maganda ya ndizi kwenye giaboksi au unga wa mbao kwenye difu, na kweli mlio hupungua. Ni njia ya zamani ya duniani kote, nayo imebuniwa kwa ajili ya gari linalouzwa. Anayeitumia kwenye gari lake mwenyewe amejiuzia.

Lakini kuna kunyamaza kusikohitaji ndizi. Beringi iliyolia miezi mitatu, ghafla siku moja haina neno. Kabla ya kumchinja mbuzi, piga jeki. Beringi haiponi. Kilichokuwa kikilia kimevunjika, kikatoka, na sasa gurudumu linashikiliwa na mazoea.

Hatua ya mwisho: mpunje fundi fedha ya kusikiliza

Hapa ndipo wenye magari wa Mbinga na Nyasa tunapoelewana wote. Fundi anayelala chini ya gari saa mbili, akapigapiga, akaendesha hadi nje ya mji na kurudi, akasema, "Mzee, kaza boliti hii tu," huyo hatumlipi. Hajafanya kitu. Anayeshusha giaboksi, akaimwaga juu ya turubai, akajaza mikono oili hadi viwikoni, huyo tunamlipa na soda juu, hata kama mlio ulikuwa wa ekzosi. Tukishamlipa hivyo kwa miaka, tunashangaa kwa nini kila tukienda na mlio turubai linatandikwa kabla hatujamaliza salamu.

Fundi amejifunza kwetu. Tunanunua kufungua, naye anauza kufungua. Siku tutakayokubali kwamba saa moja ya sikio lake ina bei, na tukamlipa kabla hajagusa spana, tutaletewa boliti zilizokazwa badala ya giaboksi zilizomwagwa. Mwendee ukiwa na majibu ya lini: mguu nje ya klachi au ndani, gia ipi, mafuta yakikanyagwa au yakiachiwa, kona ya upande gani, frii zikiwa wapi, mara ngapi kwa mzunguko wa tairi. Yaandike kwenye karatasi umpe. Kisha mpe funguo, mpe nauli yake ya kusikiliza, na ukae kwenye kiti cha abiria bila kuongea.

Ukiona hilo ni ghali, rudi hatua ya kwanza. Spika bado zinauzwa.